Abee Kutoka Hewani

Siku ya kwanza kazini walinipima kwa mzani wa magunia. Nilikwenda karakana ile ya Changamwe kuomba kazi ya cherehani, kushona maturubai ya malori yanayopakia bandarini Kipevu. Fundi Mkuu, mzee wa Likoni asiyekosa kofia kichwani, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Panda hapo." Nikapanda. Mshale wa mzani ukasogea kidogo, ukachoka. Mafundi walicheka wee!

"Huyu ndiye," akasema Fundi Mkuu.

"Ndiye wa nini, Fundi?"

"Wa kurushwa."

Wallahi nilidhani ananitania.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Kando ya maturubai, Meneja alikuwa ameanza kushona mabawa ya kurukia kwa wateja wa ng'ambo. Nyinyi vijana mnaona wageni wa hoteli wakivutwa na boti chini ya miavuli ya rangi, mnadhani ni kitu kimoja. Letu lilikuwa bawa hasa: nailoni nyembamba iliyoshonwa vijumba vijumba, kama foronya zilizopangwa safu, wazi upande wa mbele ili upepo uingie ulitunishe. Ukilikunja laingia kikapu cha sokoni. Meneja alitaka bawa jepesi la mtu mdogo wa mwili, na bawa jipya haliuzwi mpaka mtu alirukie kwanza. Mtu huyo ndiye mjaribu. Wanaume wote wa karakana ile walikuwa na matumbo, basi kazi ikanifuata mimi.

Fundi Mkuu alinifundisha kamba kabla hajaniachia niinue mguu. Kamba zina safu nne. A ziko mbele kabisa, kwenye mdomo wa bawa. B nyuma yake. Kisha C, na D karibu na mkia. Mikononi una breki, vishikio viwili vya kuuvuta mkia chini. Kamba za mbele zikiwa fupi kuliko inavyopasa, bawa huinamisha kichwa, na upepo ukilipiga vibaya hukunja uso. Kukunja uso ndivyo tulivyosema: mbele inajikunja, bawa linageuka tambara, nawe unashuka nalo.

"Nguo mshono ukiruka, inafumuka nguo," alizoea kusema. "Hapa mshono ukiruka, unafumuka wewe."

Nikahamishiwa Kisauni, kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba, upande wa mkono wa bahari wenye mikoko. Landrova kuukuu ilinivuta kwa kamba ndefu, nikapanda kama kishada, na nikifika juu nafungua kulabu. Kelele ya injini inabaki chini. Baada ya hapo ni mimi na upepo.

Watu huniuliza kama niliogopa. Kuogopa nilizoea. Kilichonila ni upweke. Mume wangu alistahimili kidogo, kisha akaniambia, "Mimi sikuoa kunguru," akanipa talaka yangu. Majirani wakawa wananyamaza nikipita. Na kule juu niliiona nyumba yangu vizuri sana, na kamba ya kuanikia uani, na nguo zilizoanikwa zote ni zangu. Nililia hewani mara nyingi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniuliza nina nini.

Ndipo akaja Mhandisi, kijana wa bara, mpole, msomi wa mambo ya upepo. Alileta redio za upepo mbili, zile za kuitana na kujibizana, moja yake, moja akanifunga kifuani. Nyanya yangu aliyenilea alinikanya tangu utotoni: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, usiitike, huenda si mtu. Siku ile, juu ya Kisauni, kifua changu kikasema, "Zuhura!" Nikaitika mbio, "Abee!" Furaha niliyoiona, siwezi kuieleza. Mtu ananiita! Mtoto wa kike wa Pwani akiitwa huitika abee, kama vile mwanamume huitika naam. Ukiitika "nini" utaulizwa kama ulilelewa na mbuzi.

Sasa redio yangu ilikuwa na ila. Ilipokea vizuri, lakini katika kupeleka ilipitisha neno la kwanza, ikameza mengine. Hatukulijua hilo bado. Asubuhi moja nilikuwa nikijaribu bawa jipya, likawa halitulii, na Mhandisi akauliza, "Zuhura, kamba zipi hazikazi?"

"Abee, Mhandisi, ni za nyuma, C na D."

"Zipi? Rudia!"

"Abee! C na D!"

"Sawa, nimekupata."

Nilipotua alinishukuru, akalipakia bawa, akaenda Changamwe kuwaamuru mafundi wafupishe A na B. A, B! Ndivyo masikio yake yalivyosikia. Fundi Mkuu alikuwa msibani siku hiyo; angekuwepo, angeuliza. Mafundi wakafupisha.

Mara iliyofuata nilirushwa na bawa lililoinamisha kichwa kama mbuzi anayetaka kupiga pembe. Nilijua kuna jambo, ila kulabu nilikuwa nimeshaifungua. Juu ya mikoko likakunja uso. Nikavuta breki kwa nguvu zangu zote, likafunguka nusu, nikaanguka nalo matopeni. Mguu ulivunjika, niliusikia. Uwanjani walikuwa wamenipoteza nyuma ya miti. Nami nikaona maji yanaingia kwenye mizizi ya mikoko. Bahari ilikuwa inajaa.

"Zuhura!" redio ikaita.

"Abee, niko mikokoni, nimevunjika!"

"A na B tumeshazishughulikia," akajibu Mhandisi. "Endelea kuruka, utuambie linavyokwenda."

Ya Rabi! Aliamini bado niko hewani. Akaita tena, nikaitika tena. Ningeiruka adabu, nikaanza na "mikoko", wangenipata. Lakini mimi nikiitwa, mdomo wangu haujui neno jingine la kwanza. Maji yakanifika kiunoni. Nikafikiri, nitakufa naitika, na hakuna anayesikia.

Kumbe Fundi Mkuu alikuwa amefika uwanjani kutazama. Kidole cha Mhandisi kilikuwa bado kwenye kitufe, nikamsikia mzee akifoka: "A na B gani, bwana? Abee! Mtoto anaitika! Anakwambia yupo, nawe wamtajia kamba!" Kisha sauti yake ikawa karibu. "Zuhura, mwanangu. Uko juu bado? Kama umeanguka, itika mara mbili."

"Abee," nikasema. Nikabonyeza tena. "Abee."

Walikuja wakiita kwa midomo yao, nami nikiitika kwa wangu, mpaka tukakutana. Mhandisi aliingia majini na viatu, akanibeba huku analia. "Nilidhani unasema A, B," akaniambia. Nilicheka, na mguu wangu umening'inia. Mwenyewe akacheka.

Niliruka tena, nilipopona, Likoni, nikivutwa na boti. Redio ilikuwa mpya, na Mhandisi hakuuliza swali lolote kabla ya kuita jina langu na kusubiri. Nikisema abee, anajibu, "Nakusikia." Hiyo ndiyo miaka niliyoipenda. Kisha wateja wa ng'ambo wakapungua, karakana ikafungwa, Fundi Mkuu akaenda mbele ya haki. Mhandisi akarudi kwao bara. Yeye ni Mkristo, lakini kila Idi alinipigia simu.

"Zuhura!"

"Abee!"

"A na B zinakaza?"

"Zimelegea zote, Mhandisi, hadi D."

Idi iliyopita hakupiga. Nilikaa na simu mapajani mpaka ikaadhiniwa Isha. Kwake simjui wa kumuuliza.

Vijana wanaokuja kunitaka niwaeleze kazi ile huuliza juu ya upepo na kamba, nami huwaeleza. Lingine siwaambii, nawaandikia hapa. Nyumba ya pili kuna msichana wajina wangu. Mama yake humwita kutoka uani, "Zuhura!" nami ndani ya chumba changu naitika, "Abee!" Wanacheka wote wawili. "Si wewe, bibi," mama yake huniambia.

Najua si mimi. Nyanya angenigombeza, kuitika mtu nisiyemwona. Lakini maji yakijaa, mwanangu, unaitika tu.