Vioo Vilivyong'aa Kupita Kiasi

Pale hospitali wananiita Bwana Usafi, na kwa muda mrefu nilidhani ni sifa. Kazi yangu ni kuangalia maji machafu, nyuma kabisa, ambako daktari hafiki ila akiwa amepotea. Vidonge vinavyomezwa wodini haviishii tumboni. Masalio yake hutoka na mkojo, hupita chooni na kuja kwangu. Huku nina masinia mapana ya vioo vilivyopakwa kichocheo, unga mweupe ulioshikana na kioo. Jua likiupiga, unazivunjavunja dawa zilizomo majini. Mimi naondoa majani yaliyoangukia humo. Nyumbani nilieleza kana kwamba hata jua naliamuru mimi.

Mke wangu ana bustani ya mboga ng'ambo ya ukuta, pembeni ya mfereji wa maji yanayotoka kwangu. Kiangazi hiki bomba la mtaa lilikauka, na mboga zile ndizo roho yake. Mkemia wetu, binti mpole asiyecheka ovyo, aliyapima maji, akamruhusu kumwagilia. Nikawa natembea mtaani kifua mbele.

Kisha tukaambiwa mkurugenzi anakuja kukagua. Nikavitazama vioo vyangu, nikaona aibu: vimefifia kwa weupe, kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Nikachukua brashi ya waya na sabuni, nikasugua hadi mgongo ukagoma. Viling'aa, nikajiona uso wangu humo, nikajipongeza.

Mkurugenzi alivisifu sana. Mkemia alibaki mdomo wazi.

"Baba, nani kaosha hivi vioo?"

"Mimi mwenyewe," nikajibu, nikingoja shukrani.

"Umekisugua kichocheo chote. Ule weupe ndio uliokuwa unafanya kazi."

Akapima maji palepale. Dawa zilikuwa zinaingia na kutoka vilevile, bila kuguswa.

"Mwambie mama asimwagilie tena," akasema, "mpaka tupate vioo vingine."

Mke wangu alinisikiliza akiwa ameshika ndoo tupu.

"Kumbe kazi inafanywa na jua na unga," akasema. "Na wewe unafanya nini pale?"

Kuchekwa nimezoea. Kilichoniuma ni kuona mboga zake zinanyauka kwa mkono wangu. Kila nikitoka kazini nilibeba maji kutoka kisima cha mbali, na majirani wakinisalimia, "Bwana Usafi, leo unaosha nini?" Hata hivyo tuta moja lilikauka lote.

Vioo vipya vilipofika, mkemia alitundika kibao: USIGUSE. Anasema ni kwa ajili ya wageni. Hatupati wageni. Nikashinda nimetia mikono mfukoni, nautazama ule weupe, vidole vinaniwasha.

Hatimaye akaniita: maji yako salama. Nilikimbia hadi bustanini na viatu vyangu vya mpira, napiga kelele kama nimeshinda uchaguzi.

Mke wangu hakuinuka. Aliiangalia mikono yangu kwanza.

"Umevigusa?"

"Sijavigusa."

"Kweli?"

"Hata vumbi sijafuta."

Akanitazama kidogo, kisha akanisukumia ndoo.

"Haya, chota."