Sakafu Aliyoiacha Anas

Chumba cha juu Anas alikijenga mwenyewe, juu ya paa la nyumba ya wazee wake huko Hail, apate pa kumweka mke. Alilaza boriti ili mabomba yapite chini, akapigilia mbao, na juu ya mbao akatandika vigae vyeupe. Alikaa humo na Ruba miezi michache tu. Kisha gari lake likapinduka njia ya Yiti, akarudishwa nyumbani amefunikwa shuka.

Ruba akakaa eda katika chumba kilekile. Baba mkwe wake, Aflah, alikuwa akimpandishia chai asubuhi, na ndipo alipoona saruji baina ya vigae imepasuka, nyufa nyembamba zikitoka mlangoni mpaka kitandani. Alinunua saruji nyeupe, akakwangua, akaziba. Haukupita muda nyufa zikarudi palepale. Akaziba tena. Mkewe, Rawya, alimwona akishuka na magoti meupe, akapita. Tangu maziko walikuwa hawazungumzi sana.

Mara ya tatu Aflah aling'oa kigae kimoja. Ubao wa chini ulicheza na kulia alipoubonyeza kwa kiganja. Anas alikuwa ameutia msumari upande mmoja, upande wa pili hakuutia kitu. Aflah alibaki amepiga magoti, mkono juu ya ule ubao, akamkumbuka mwanawe na haraka zake, alivyokuwa akipigilia huku simu iko sikioni.

"Baba," Ruba alimwita kutoka kitandani. "Usijisumbue na sakafu."

"Si tabu, binti yangu. Nikishaufunga huu ubao kwa skurubu, hutasikia tena kitu kikilia chini ya miguu yako."

"Eda ikimalizika nnakwenda kwa mama, Qurum."

Aflah hakuinua kichwa. "Hapa ni kwako. Nani kakwambia uondoke?"

"Hakuna aliyenambia niondoke. Mama Rawya kanambia nikae. Anataka nije niolewe na Yaqdhan."

Yaqdhan alikuwa mdogo wake Anas. Aflah aliweka bisibisi chini.

"Kakwambia haya nawe umo ndani ya eda?"

"Wiki ya mwanzo, baba. Nguo za Anas zilikuwa bado hazijafuliwa."

Aflah alishuka. Rawya alikuwa jikoni anachambua mchele, na alipomwona uso wake akajua.

"Yule ndiye aliyebaki na harufu ya mwanangu," alisema kabla hajaulizwa. "Akitoka mlangoni, nitabaki na nini?"

"Na Yaqdhan umemuuliza?"

"Yaqdhan halii, hali, hasemi. Nimuulize nini?"

Aflah alikuwa amekuja na maneno makali; badala yake alivuta kiti akakaa mbele yake, na wote wawili wakautazama mchele.

Eda ilipokwisha, kaka yake Ruba alikuja kumchukua. Ruba alimbusu Rawya mkono na kichwa. Rawya alisimama kama mti, hakumkumbatia, na gari lilipotoka akaingia ndani kabla geti halijafungwa.

Aflah alipanda juu na zana zake. Alitoa kitanda nje, akang'oa vigae safu kwa safu, akafunga kila ubao kwenye boriti. Juu yake akapigilia mbao ngumu nyingine, kisha akarudisha vigae na kuziba viungo kwa dawa ya mpira inayonyumbuka mbao zinapocheza. Kazi ilimchukua siku nyingi kwa sababu mara kwa mara ilimbidi aache, akae ameegemea ukuta.

Alipomaliza alitembea chumba kizima, pembe kwa pembe. Hakuna kilicholia.

Rawya alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani atakaa humu?" aliuliza.

Aflah alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Sijui," alisema.

Rawya alivua viatu, akaingia, akakaa chini juu ya vigae vitupu, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.