Pilau la Mjomba Elia

Juzi kwa daktari wa meno hapa Vällingby, Uswidi, nikiwa nimeachama kama kiboko, nilinusa mafuta ya karafuu. Nikamkumbuka Mjomba Elia na goti lake.

Mjomba alikuwa beki wa timu ya chuo, na washambuliaji wa Kiswidi walimwogopa kuliko baridi. Kisha goti likateguka, akakaa nje msimu mzima. Siku aliyopangiwa kurudi uwanjani, mama aliwaalika Watanzania wenzetu wote waje kusherehekea, akaanza kupika pilau asubuhi. Mimi, sijaanza hata shule, nilizunguka jiko kama paka.

Mjomba alikaa kando ya sufuria akijichua goti kwa mafuta ya karafuu.

"Dada," alisema taratibu, "hawa wageni ni lazima waje?"

"Wako njiani, Elia. Na pilau limeshaiva."

"Mjomba anataka kula peke yake!" nilipiga kelele. "Mchoyo huyo!"

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mjomba naye akacheka, akafunga bendeji, akachukua viatu.

Alicheza kidogo tu, akatolewa kwa machela, na hakucheza tena. Wageni walikula, wakaaga mapema. Mimi nikapata minofu yake, nikaiona siku njema.

Sasa najua hakuwa akiulizia wageni. Goti lilikuwa bado linamuuma, na alitaka mtu mmoja tu amwambie asiende.

Tangu hapo mama haaliki mtu kabla jambo halijatimia. Hata siku yangu ya kuzaliwa, husubiri kwanza aone nimeamka.