Uso wa Upande Mmoja

Wakazi wote wa Chicago, majambazi na madiwani (samahani kwa kurudia), mnatangaziwa kwamba Jumapili hii mpelelezi wenu wa katuni atageuza uso na kuwatazama. Mhariri aliahidi hivyo gazetini bila kumuuliza mchoraji. Halina Wozniak, aliyejaza maneno vinywani mwa wahusika, alikaa meza ya jirani, na kila siku alimwona mchoraji akimchora mpelelezi kwa pua ile ile ya ndoana na kidevu kile kile cha kupasulia karanga, daima kutoka upande wa kushoto. Wino aliupuliza kama anayepoza supu. Kofia aliichora mwisho, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Ijumaa karatasi ilikuwa bado nyeupe. “Bosi, usituambie mpelelezi ana chongo,” Halina akamtania. Mchoraji hakucheka. Alichora duara, akaweka jicho la kushoto, kisha kalamu ikaganda hewani mpaka wino ukadondoka.

Halina akasogeza kiti. “Kwani huyu mpelelezi ulimtoa wapi, kaka?”

“Ni mdogo wangu. Alikuwa polisi. Wauza pombe ya magendo walimpiga risasi, nikaitwa chumba cha maiti kumtambua.”

“Basi mchore alivyokuwa akikutazama mezani, mkila.”

Mchoraji akaifuta kalamu kwa kitambaa. “Nimejaribu. Naona upande mmoja tu. Ule mwingine, siku ile, walikuwa wameufunika.”