Heshima ya Jongoo

Mtu asinieleze kwamba majina ya kisayansi ni mambo ya wasomi yasiyomdhuru mtu. Nyumbani kwetu Mji wa Kale yalimdhuru nyanya yangu, mzaa mama, na mimi nilikuwa na mkono wangu humo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mpiga chapa wa mtaalamu mmoja mgeni aliyekodi chumba karibu na Liwatoni, akichunguza majongoo bahari, wale wanene wanaolala mchangani maji yakitoka. Alikuwa mtu mpole. Alinifundisha kanuni zao: kila kiumbe majina mawili, ya Kilatini au yaliyovishwa Kilatini, la kwanza lianze na herufi kubwa, la pili ndogo, hata kama ni la mfalme, na yote yapigiwe mstari chini. Nikisahau mstari, karatasi nzima narudia. Na jina likishachapishwa limechapishwa, liwe zuri liwe baya. Nilicheka moyoni, nikaona hawa ni watu wasio na kazi.

Kila asubuhi nilimpelekea mahamri na mbaazi alizopika nyanya. Alipokaribia kurudi kwao aliniomba nimwandikie jina la nyanya, herufi moja moja, asije akalikosea. Nilidhani anataka kumtaja pale mwisho, penye shukrani. Nikaliandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Sasa, jina lile halikuwa lake peke yake. Alipewa la nyanya yake, na huyo naye la nyanya yake, na kwetu jina hupokezanwa hivyo ili lisipotee. Mimi na dada yangu tulichukua majina ya upande wa baba. Kwa hiyo dada aliposhika mimba, yeye na mumewe walimwahidi nyanya kwamba akizaliwa msichana, jina ni lake. Nyanya akaanza kulisemesha tumbo, akiliita "somo yangu", kama wanavyoitana watu wa jina moja.

Mimba ikiwa ya miezi saba, bahasha ikaja. Ndani mlikuwa na makala yenye picha ya jongoo mweusi mwenye vipele, na chini yake jina la nyanya yangu, limetiwa mkia wa Kilatini, kwa herufi ndogo. Eti kwa heshima ya ukarimu wake. Nami mjinga nikalisoma kwa sauti mbele ya wageni, huku natabasamu, na mama mkwe wa dada yangu yumo.

Akauliza jongoo huyo ni yupi. Mjomba, ambaye husema kwanza akafikiri baadaye, akamwambia ni yule ambaye ukimshika hukumwagia matumbo yake kwa nyuma. Kwetu ukimwita mtu kwa jina la mnyama umemtukana, na hawa wasomi wamemchukua mnyama wakampa jina la mtu, wakasema wamemtukuza.

"Sina neno na jina," mama mkwe alisema kwa upole. "Lakini mtoto huyu yuwaja kuishi na watu, na watu watamwita jongoo."

Nilimwandikia yule mtaalamu barua nikiomba jina lifutwe. Jibu lilikuja, refu na la adabu. Alisikitika sana, lakini kanuni haikuruhusu. Hata yeye aliyelitoa hakuwa na uwezo wa kulirudisha. Akaongeza kwamba wenzake wangefurahi kupata heshima ya kudumu milele namna ile. Niliirarua barua ile. Hata sufuria ya jirani haiazimwi bila kuomba! Mtu aliyeuliza jina herufi kwa herufi alishindwaje kuuliza swali moja tu, kama mwenyewe ataridhika? Na mimi niliyejua kanuni zote zile, nilishindwaje kumuuliza analitakia nini?

Nyanya hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Dada alijifungua msichana. Siku ya saba tulikusanyika kumpa jina, na shemeji, muungwana yule, akasema ahadi yake iko pale pale, wanaotaka kusema waseme. Sote tukamtazama nyanya.

"La, mwanangu," alisema. "Mpeni jina jengine. Langu na liishie kwangu."

Halikuishia kwake, na hilo ndilo linaloniunguza hadi leo. Yeye keshazikwa, na jongoo bado analo kwa amri ya kanuni. Lakini siku ile mtoto alipewa jina la upande wa baba yake. Nyanya akampakata, akalitamka lile jina geni polepole, mara tatu, mara nne, mpaka ulimi wake ukalizoea.