Dekoda ya Nyumba Kubwa

Mume wetu ana duka Mukendo, Musoma mjini, na wake wawili Guta, katika ua mmoja. Mimi ni wa pili. Aliponunua dekoda mbili za kutumia kifurushi kimoja, fundi alifunga dishi juu ya bati la mke mwenzangu, kisha akafukia waya mweusi ndani ya bomba la maji, kutoka kwake, chini ya ua, hadi sebuleni kwangu.

"Ile ya kule ndiyo mama, hii yako mtoto," aliniambia akikaza kichwa cha waya nyuma ya dekoda. "Mtoto anategemeaga mama. Kule wakizima kwa rimoti, hakuna shida. Wakichomoa kwenye soketi, na wewe huku umekwisha."

Nikamuuliza mume wetu kwa nini hiyo ya mama isikae kwangu. Akasema inakaa kwa mkubwa, na maneno yameishia hapo. Nilinuna siku nzima, maana nilimjua mwenzangu. Mtoto wake wa kwanza aliuawa na radi akiwa machungani. Tangu hapo, wingu likitanda tu ziwani, anafunika kioo kwa kanga, anaingiza masufuria ndani na kuchomoa kila kitu. Namhurumia, kweli. Lakini masika huku kwetu inanguruma karibu kila alasiri, na tamthilia zangu zikawa zinakatika patamu. Ikafika mahali nikaamini kwamba mawingu mengine anayasingizia.

Basi mwanangu akasajiliwa na timu ya ligi, akasugua benchi miezi mingi. Jumamosi moja asubuhi akapiga simu: kocha amemwambia ajiandae, huenda leo akaingia. Mechi ingeonyeshwa alasiri. Kwenye kibanda cha mpira walishatangaza mechi ya Ulaya, na kwenye simu mtandao wetu haubebi picha. Nikameza kiburi nikavuka ua.

"Dada, naomba leo usichomoe. Mtoto anaweza kucheza."

Alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua macho. "Mdogo wangu, mimi na radi unatujua."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilirudi kwangu kwa hasira.

Kipindi cha pili kilipoanza, wingu lilikuwa limeshapanda kutoka ziwani. Dirishani nilimwona akikusanya masufuria kwenye kichanja, haraka haraka, akaingia na kufunga mlango. Nikajua ndiyo basi. Sikuweza kukaa. Nilisimama mbele ya televisheni nikingoja yale maandishi ya kuniambia kwamba dekoda kuu haipatikani.

Ikanguruma. Picha ikabaki. Ikapiga nyingine, karibu, bati zikatikisika na picha ikakatika vipande vipande, kisha ikarudi. Wachezaji wa akiba walikuwa wanapasha misuli. Nilikuwa nimeshapanga ya kwenda kumwambia picha ikizima, maneno mabaya, ya kutufanya tusisalimiane tena.

Ubao wa mabadiliko ukainuliwa. Akaingia mwanangu, jezi ameichomekea vizuri kama alivyokuwa akichomekea shati la shule. Aligusa mpira mara chache, mmoja akaupoteza, nami nikalia kama mtu aliyeona bao. Radi zilikuwa zinafuatana. Kila moja ilipopiga niliikodolea macho skrini, nikisema sasa, sasa anachomoa. Hadi filimbi ya mwisho picha ilikuwepo.

Nilitoka mbio kwenye mvua, nikasukuma mlango wake. Ndani kulikuwa na giza. Kioo kilikuwa kimefunikwa. Televisheni, friji, chaja ya simu, vyote vilikuwa vimechomolewa na nyaya zake zimelala sakafuni. Taa ya kijani ya dekoda tu ndiyo iliyokuwa inawaka. Yeye alikuwa amejikunyata kwenye kona ya mbali, amejifunika kanga kichwani, viganja amevibana masikioni. Nilipomgusa bega alishtuka mwili mzima.

"Umeisha?" aliuliza ndani ya kanga.

"Umeisha, dada. Amecheza."

"Basi kachomoe, mdogo wangu. Mimi miguu imekataa."