Mkono Uliombeba Fundi Cherehani

Saa mbili asubuhi, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe anapiga meza kwa kiganja hadi kikombe cha chai kinacheza.

"Nani kambeba huyu mama?" anafoka. "Niambieni, nani kambeba?"

Kwenye skrini anatembea mtu wa mifupa na misuli mitupu. Ni nakala ya fundi cherehani mmoja ambaye mguu wake wa kushoto ulikakamaa baada ya kiharusi. Alhamisi atapasuliwa msuli wa paja, kwa kufuata ripoti itakayotoka chumba hiki cha kupima mwendo.

Mwenye koti jeupe, wenzake humwita Dada Gololi, maana yeye ndiye anayewabandika wagonjwa vigololi vinavyong'aa, ili kamera zifuate kila kiungo. Mabamba yaliyofukiwa sakafuni hupima nyayo zinavyokanyaga. Kisha kompyuta hukadiria kila msuli unavyovuta. Huu mwaka wake wa tisa, na kazi ya watu watano wanaifanya wawili.

Hesabu ya nyayo na mwendo ikikataa kulingana, kompyuta hainuni. Huweka kiunoni nguvu ya kubuni, mtu wake asije akaanguka. Haya, kitendawili: yuko kiunoni, hana mikono, kamwinua mtu mzima. Ndiye huyo! Akiwa mdogo huvumilika. Leo ana kilo kumi na mbili, na skrini imewaka nyekundu.

"Ongeza kiwango cha hiyo nguvu kinachoruhusiwa, rangi nyekundu iondoke," anasema mkuu wa maabara akiwa mlangoni, wala haingii. "Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Unavyofanya wewe! Mguu si wako, bosi!"

Dada Gololi ameshakagua uzito, gololi na mabamba. Vyote vizima. Anafungua video ya kawaida, ile isiyotazamwa na mtu, na hapo anamwona: wifi wa mgonjwa anatembea pembeni, nje ya mabamba, mkono kauchomeka kwapani mwa mwenzake. Hana gololi hata moja mwilini, basi kwenye hesabu hayupo.

Mgonjwa na wifi yake wanaitwa asubuhi hiyohiyo.

"Ulimshika!"

"Nimshike wapi, dada yangu? Nilimwekea mkono tu."

"Mkono tu! Mkono wa kilo kumi na mbili?"

"Ndiyo maana siku ile nilijiona msichana," anacheka mgonjwa, kisha anakaza uso. "Wifi, leo niachie. Nikianguka, nimeanguka."

Anatembea peke yake, akiyumba, jasho likimtiririka. Mara tatu anakosa bamba. Ya nne anakanyaga barabara, na ile nguvu ya kubuni inashuka chini ya kilo moja. Msuli wa paja uliokuwa unangojea kisu hauna kosa. Uliolegea ni wa nyonga, nao unataka mazoezi. Daktari anaahirisha upasuaji papo hapo kwa simu.

Wifi anapiga vigelegele. Dada Gololi amenuna.

"Umeiondoa hiyo rangi kwa wangapi?" anamwuliza mkuu.

Dada Gololi hangoji jibu. Anafungua mafaili mwenyewe. Saba.

"Wote watarudi watembee upya, hata nikifukuzwa. Na kile kiwango, kuanzia leo, asikiguse mtu."

Wa kwanza kwenye mafaili alishapasuliwa miezi miwili iliyopita. Anampigia simu amesimama, mkono mmoja kiunoni.

"Shikamoo, baba. Mimi wa kule maabara. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Mguu? Bado tunabembelezana."